Maziwa ya Kuagia

Ikola, 18 Agosti

Nilidai boti, na boti ikaja; na leo, katika safari yake ya kwanza, nimetapika ndani yake tangu tulipoiacha Ikola mpaka tulipofika Mkuyuni. Mimi Kashinje! Mimi niliyesimama juu ya meza ya bwalo la chuo, bila kipaza sauti, nikasikika hadi mabweni ya nyuma! Mimi niliyeandika waraka ule ulioiuliza nchi nzima: kwa nini mwanamke wa mwambao wa Tanganyika apandishwe mlima kwa machela akiwa na uchungu, ilhali chini ya miguu yake limelala ziwa, barabara pana isiyohitaji lami wala daraja? Waraka ulisomwa na watu wenye mioyo. Wakachanga, boti ya kliniki ikanunuliwa, nami nikaombwa nijitolee msimu mmoja wakati nikingoja matokeo yangu ya mwisho: niandikishe wajawazito, nitafsiri kwa wafugaji wenzangu wanaokielewa Kisukuma kuliko Kiswahili, niwashawishi wapande. Nilikubali kwa hotuba ndefu.

“Huyu ndiye wa kushawishi?” nahodha Obadia alimuuliza muuguzi wetu, Sista Scolastica, huku akinitazama nilivyolala kifudifudi juu ya ukingo wa boti. “Watu wakimwona hivi si watahamia Mpanda kwa miguu?”

“Mwache. Ziwa limemlevya. Kila mtu linamlevya mara ya kwanza.”

“Mimi halikunilevya.”

“Wewe ulizaliwa umeshalewa.”

Sikuwa na nguvu za kucheka. Mkuyuni anaishi dada yangu Minza, aliyeolewa na mfugaji aitwaye Manyanda. Mwaka jana mimba yake ya kwanza iliishia katikati ya ule mlima, kwenye machela, kabla ya wabebaji kuifikia barabara ya magari. Waraka wangu haukumtaja, lakini kila sentensi yake ilikuwa yeye. Sasa ni mjamzito tena, na anatazamiwa kujifungua mwishoni mwa Oktoba. Nimekuja huku kwa jambo moja: mtoto wa Minza azaliwe kituoni Ikola, mikononi mwa mkunga, na si juu ya mawe ya mlimani.

Alinipokea ufukweni. Alinitazama nikishushwa kama gunia lililolowa.

“Kashi,” alisema, “hilo dude ndilo unataka nipande?”

20 Agosti

Kusi linavuma tangu jana. Hatukutoka. Nimefua.

23 Agosti

Basi la Mpanda limeniletea kidumu cha maziwa ya mgando kutoka kwa Mayu. Ndivyo tunavyomwita mama yetu hadi leo, hata mbele ya wageni, na sitaki kumwita vinginevyo. Nilipokifungua, harufu ya nyumba yetu ya Misunkumilo ikanijaa puani kiasi cha kunifanya nikae chini: moshi wa vijiti anavyofukizia kibuyu, uchachu mwembamba, ng'ombe waliolala karibu.

Nyumbani kwetu hakuna anayetoka mlangoni kwa safari kabla hajapewa maziwa ya kuagia. Ni bakuli zima, na linamalizwa. Halimwagwi, halibakizwi, halikataliwi. Mayu husema mwenye maziwa ya nyumbani tumboni bado hajaondoka kabisa. Nakumbuka asubuhi niliyokwenda chuo mara ya kwanza. Alikaa kwenye kigoda akikitikisa kibuyu juu ya paja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto, nami nikasimama na begi langu nikijifanya nina haraka. Ningejua asubuhi zile zina idadi, ningeomba atikise zaidi.

Nimekunywa vikombe viwili. Kesho kutwa kuna safari, nami nataka nguvu.

25 Agosti

Nguvu gani! Nimekunywa vingine viwili alfajiri, na tulipofika mbali kidogo na Ikola nikavitoa vyote, na baada yake vikatoka vitu nisivyovijua. Kidonge cha kuzuia kutapika nilikimeza wakati tumbo limekwisha kuasi. Kilirudi kikiwa kizima, nikakiona kikielea. Sista Scolastica ananipa mafunzo kwa upole wa mtu aliyekwisha kuwahudumia wengi. Kaa katikati ya boti, si mbele. Kaa mbali na moshi wa mashine. Usitazame miguu yako. Tazama mbali, kitu kisichotembea. Nami nikatazama mbali, nikaona nini? Watu wanachoma mapori na mashamba kungojea mvua, na moshi umeifuta milima yote ya Kongo. Upande ule hakuna mstari wa kushika kwa macho. Maji na mbingu vimekuwa kitambaa kimoja cha kijivu, na kitambaa kinapepea.

Nikafungua daftari niandikishe akina mama tuliowachukua njiani, nikatapika juu ya jina la wa kwanza.

“Utaandika ukishuka,” Sista alisema, akalichukua daftari akalikalia.

“Sista, kazi ni kazi.”

“Na macho ni macho. Yakikuambia daftari limetulia na sikio linasema unayumba, tumbo ndilo linalogombana.”

Nimelala mchana nikiwaza mkokoteni wetu wa maksai. Tulipokuwa watoto, mimi na Minza tulilala juu ya magunia ya mahindi kutoka Misunkumilo hadi mashine ya kusaga ya Kawajense, chali, tukiyaangalia matawi yakipita. Mkokoteni uliyumba kuliko boti hii. Gurudumu la kushoto lilikuwa bovu miaka yote niliyoijua. Hatukuwahi kutapika. Tuliimba.

2 Septemba

Siku mbaya kuliko zote. Naiandika yote.

Nilikuwa nimemshawishi Minza aje Ikola kwa kipimo cha picha. Nilimshawishi kwa simu, kwa ujumbe, kwa kulia. Alikubali. Tulipofika Mkuyuni alikuwa tayari ufukweni na khanga mpya, na mama mkwe wake, Mama Manyanda, alikuwa amemshikia kibuyu. Minza akanywa mpaka mwisho, kwa adabu, akifunga macho. Nilifurahi kuona desturi yetu inaishi ufukweni kule, mbali na Misunkumilo. Nikasema moyoni: hii ndiyo jamii ninayoipigania!

Katikati ya safari kusi likatujia usoni. Mawimbi mafupi, ya kugonga. Minza alitapika maziwa, kisha maji, kisha michirizi ya damu, na tumbo likamkaza mpaka akanishika mkono kwa kucha. “Anatoka, Kashi,” alisema. “Mtoto anatoka, yule mwingine alianza hivihivi.” Nami nilikuwa nimeinama upande wa pili nikitapika, sikuweza hata kumshika kiuno. Sista Scolastica alimlaza kwa ubavu wa kushoto, akamnywesha kwa kijiko ile chumvi ya kuchanganya na maji, kijiko kimoja, kimya, kijiko kimoja, kimya. Tulipofika Ikola tumbo lilikuwa limelegea. Kipimo kilionyesha mtoto yuko salama, anacheza. Minza hakukitazama. Aliutazama ukuta.

Hakukubali kurudi kwa boti. Alipandishwa pikipiki mpaka barabara ilipokoma, na Manyanda alikuja kumpokea huko na punda. Nilikuwapo. Alisimama amejifunga lubega lake jekundu, mikono kifuani, akasema neno moja tu:

“Nilisema.”

Ni mume gani huyu? Nilijiuliza njia nzima ya kurudi, na naliuliza daftari hili: mpaka lini mwanamke atakuwa mali ya mtu anayesimama na kukunja mikono? Nimewahi kuwasoma watu wa namna yake. Sasa nimepata shemeji.

3 Septemba

Minza amesema kwa simu: “Kwenye hilo boti sipandi tena. Nitazaa nchi kavu, au nitafia nchi kavu.” Akakata.

9 Septemba

Basi la Jumamosi liliharibikia Kabungu, na kidumu cha Mayu kimeganda huko na abiria. Nimesafiri leo bila maziwa. Asubuhi nilikula muhogo mkavu wa kuchoma, nikanywa chai ya tangawizi isiyo na maziwa, na kidonge nikakimeza mapema, tukiwa bado tunapakia. Nikakaa katikati, nikaukazia macho mlima wa upande wetu badala ya Kongo isiyoonekana.

Sikutapika.

“Mheshimiwa,” Obadia aliniita kwa sauti ili akina mama wote wasikie, “leo bunge limeahirishwa?”

“Kuna mapumziko ya kikao, nahodha.”

“Basi kaa hapo hapo. Usigeuke kunitazama nikikutania. Unatania huku unatazama mlima.”

Nimegundua jambo kuhusu mtu huyu. Utani wake wote humlazimisha mtu kuinua kichwa.

14 Septemba

Kidumu kimefika. Jana nilikunywa kwa hamu ya wiki mbili, na asubuhi nikaongeza, na ziwani nikarudi palepale nilipoanzia, kifudifudi juu ya ukingo. Mawimbi ya leo hayakuwa hata nusu ya yale ya tarehe tisa. Nikiwa nimeinama hivyo, nikiyatazama maziwa ya mama yangu yakifunguka majini kama wingu, nikaelewa.

“Sista,” nilisema nilipoweza kusema, “mgonjwa wako alikunywa nini kabla ya kupanda? Minza, siku ile.”

“Sijui. Chai?”

“Kibuyu kizima cha mgando.”

Akanitazama. Yeye ni Mfipa, kwao mtu huondoka na ugali kidogo au bila chochote. Haikumjia kuuliza, nami haikunijia kusema. “Kibuyu?” alirudia. “Nyie watu na maziwa yenu! Tumbo la mjamzito, maziwa ya mgando hadi shingoni, na kusi usoni? Hata Obadia angetapika.”

“Mimi nisingetapika,” Obadia alisema.

Wafugaji wote wa mwambao hufanya hivyo. Wote! Tunawashibisha wagonjwa wetu kwa upendo, tunawapandisha botini, na wakirudi nusu wafu tunasema boti ni mbaya.

15 Septemba

Nimempigia Mayu.

“Mayu, usinitumie maziwa kwa muda.”

Nikasikia kuku wa kwetu.

“Umeumwa?”

“Hapana. Yananitapisha ziwani.”

“Maziwa yangu yanakutapisha.”

“Si yako, Mayu. Ni maziwa yoyote. Ni ziwa.”

“Nimewanyonyesha, nimewalea kwa kibuyu hikihiki. Baba yenu Luhende alitembea kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, na maziwa tumboni, hakutapika hata Tabora.”

“Baba alitembea juu ya ardhi.”

“Basi rudi juu ya ardhi,” alisema. Lakini hakukata simu. Baada ya muda akauliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba ruhusa nyumbani kwake mwenyewe: “Sasa mtu mnamuaga kwa kitu gani?”

Nimehutubia maelfu, na swali hilo nililijibu kwa kumuuliza habari za kuku.

20 Septemba

Mkutano Mkuyuni. Nilizungumza kwa Kisukuma, nikasimama juu ya jiwe, nikaeleza yote: tumbo, sikio, macho, maziwa, vidonge anavyovitoa Sista kwa wajawazito kwa kipimo chake, muhogo mkavu, kukaa katikati. Ilikuwa hotuba nzuri. Walinisikiliza kwa heshima, kisha Mama Manyanda akainuka.

“Binti, wewe umesoma,” alisema. “Hebu niambie: nyumba inayomtoa mtu mlangoni na tumbo kavu, ni nyumba gani? Wezi ndio wanaotolewa hivyo. Mkwe wangu si mwizi.”

Wakacheka, wakaondoka. Nikamfuata Manyanda mpaka zizini, na huko nikamwaga yote niliyoyabeba tangu tarehe mbili. Nilimwita mkandamizaji. Nilimwambia kukunja mikono ni kauli. Alinisikiliza huku akimkuna ndama shingoni.

“Shemeji,” alisema nilipoishiwa, “umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Siku ile nilisema ‘nilisema’ kwa sababu nilikuwa nimemwambia mama asimpe kibuyu kizima. Minza alikuwa anatapika hata bila boti, kila asubuhi. Mama hakusikia. Mimi sijamkataza Minza boti. Mwaka jana machela niliibeba mimi, mbele, upande wa kulia. Nadhani hilo hukuandika kwenye waraka wako. Muulize mwenyewe nani anakataa.”

Nilimuuliza. Minza alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ghala, miguu imemvimba kidogo.

“Ni mimi,” alisema. “Kwenye mlima nilijua kila jiwe, Kashi. Hata nilipompoteza nilijua niko wapi. Kule majini hakuna pa kusema ‘hapa’.”

Nikakaa naye. Hatukuzungumza tena juu ya boti. Tulizungumza juu ya mkokoteni, na yule maksai mwekundu mwenye doa jeupe begani aliyekuwa akigeuza kichwa kila tulipoimba. Minza anadai alikuwa anaomba tunyamaze.

Natazama ukurasa wa tarehe mbili, na mume niliyemwandika humo si Manyanda huyu.

26 Septemba

Joto. Moshi mzito. Nimesafiri kwenda na kurudi bila kuumwa. Obadia amenipa usukani dakika chache: mtu anayeendesha halewi, anasema. Ni kweli.

30 Septemba

Naandika mapema mno kujua mwisho.

Asubuhi, Mkuyuni, Sista Scolastica alimpima Minza shinikizo la damu nyumbani kwake, akapima tena, akaanza kufunga mkoba wake. Miguu imevimba mpaka magotini, uso umejaa. Kichwa kinamuuma tangu jana. Anaona vimulimuli mchana kweupe.

“Tunaondoka sasa hivi,” Sista alisema. “Si kesho, wala si jioni. Kifafa cha mimba kinakuja, na hicho ndicho kinachoua akina mama. Na mlima hapana, mlima ni siku nzima, hataumaliza.”

“Siendi,” Minza alisema.

Nikaanza hotuba. Najua nilianza, kwa sababu nilisikia sauti yangu ikipanda, na maneno yakija kwa safu kama askari, haki, uhai, vizazi. Minza aliziba masikio. Kichwa kilikuwa kinampasuka, na mimi nilikuwa nampigia kelele. Nikanyamaza katikati ya sentensi. Nikapiga magoti nikamshika miguu iliyovimba.

“Mlima utauona njia nzima,” nilimwambia. “Obadia atapita karibu na nchi kavu. Wewe utautazama mlima wako, utaniambia kila jiwe, na mimi nitakuwa nimekushika. Utasema ‘hapa’ mpaka tufike.”

Kisha akainua mkono ainuliwe.

Ufukweni, Mama Manyanda alikuwa anatungoja na kibuyu.

Sikumlaumu. Nilimwona uso: aliogopa kuliko sisi sote, na hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa. Alikinyoosha kwa mikono miwili. “Hatoki hapa kama mtu aliyefukuzwa,” alisema. “Safari kama hii ndiyo hasa ya maziwa. Kunywa, mwanangu.” Na Minza, kwa adabu aliyolelewa nayo, akanyoosha mkono. Sista akaita jina langu. Nimtukane mzee mbele ya watu wake? Nimpokonye?

Manyanda akasimama kati yao.

“Mama, haya ni maziwa ya kumuaga Minza?”

“Ni yake.”

“Mimi na Minza ni nyumba moja au mbili?”

“Moja.”

“Basi nipe.”

Akakichukua kibuyu, akakiinua, akanywa. Tulimtazama koo likipanda na kushuka. Alikunywa bila kupumzika, maziwa yakimchuruzika kidevuni hadi kwenye lubega, mpaka kibuyu kikasimama wima juu ya uso wake. Kisha akakipindua mbele ya mama yake, na hakikutoka tone.

“Nyumba imeagwa,” alisema. “Twendeni.”

Mama Manyanda aliyapangusa maziwa kidevuni mwa mwanawe kwa pembe ya khanga yake, akarudi nyuma, akatupisha.

Manyanda hakuwahi kupanda chombo chochote cha majini maishani mwake. Aliketi karibu na mashine, kwa sababu hakuna aliyemwambia asiketi hapo, na kabla Mkuyuni haijapotea machoni alianza. Sijawahi kuona mtu akitapika namna ile, na nimekwisha kuona, kwa kuwa nimekuwa mimi. Kusi lilikuwa linakuja usoni, Obadia alipunguza mwendo ili boti isigonge, akaibana na mwambao. Sista alikuwa amempa Minza dawa yake nchi kavu, kidonge na sindano. Minza aliketi katikati, mgongo kifuani kwangu, macho kwenye mlima.

“Wapi hapo?” nilimuuliza.

“Hapo kuna njia ya kuni.”

“Na hapo?”

“Jiwe kama ng'ombe aliyelala. Hapo… hapo tulipumzika mwaka jana.” Nikafikiri nimeharibu. Kisha akasema, “Linaonekana dogo kutoka huku.”

Nyuma yetu Manyanda alikuwa anaguna kama fahali aliyekwama topeni.

“Mume wangu,” Minza alisema bila kugeuza macho mlimani, “geukia upande ule mwingine, unamchafua Sista.”

“Nakufa,” Manyanda alisema.

“Hufi. Ni maziwa ya mama.”

“Mheshimiwa,” Obadia akaniita, “leo umepata naibu!”

Na Minza alicheka. Akiwa na kichwa kile, na miguu ile, alicheka mpaka nikausikia mgongo wake ukitikisika kifuani kwangu, nami nikalia juu ya kitambaa chake cha kichwa ambapo hakuna aliyeniona. Hakutapika. Mara moja alisema vimulimuli vimezidi, na Sista akamsogelea akamshika kifundo cha mkono, na kuanzia hapo hakuna aliyetania. Obadia alisimama wima kwenye usukani akilisoma kila wimbi. Nilihesabu mawe. Tulipoigusa Ikola machela ilikuwa inatungoja, ya magurudumu, kwenye tambarare.

Sasa yuko ndani. Manyanda amelala ukumbini kwenye sakafu, ameushika mguu wa benchi. Anasema nyumba inayumba.

1 Oktoba

Msichana. Mdogo sana, analia sana. Minza yuko hai, shinikizo linashuka.

3 Oktoba

Nimempigia Mayu. Nilimweleza juu ya kibuyu na Manyanda. Alicheka, kisha akalia, kisha akasema: “Huyo sasa ni mwanangu.” Sikumkumbusha alivyompinga wakati wa posa.

11 Oktoba

Mtoto anaongezeka. Sista anataka wabaki mpaka afikie uzito. Kule Mkuyuni wanawake wawili wa wafugaji wamepanda boti leo, na kila mmoja alikuwa na mtu nyuma yake ufukweni anayemnywea maziwa. Mimi sikuwafundisha. Maziwa ya mmoja yalinywewa na wifi yake, na ya mwingine na shangazi, ambaye alilalamika sana kwamba ameshashiba.

Basi kila nilichokiita kikwazo kilikuwa mlango, ila nilikuwa nausukuma badala ya kuuvuta. Nitaondoka mwezi ujao. Matokeo yametoka, nimefaulu, kuna watu mjini wananiita kwenye mambo makubwa. Na tayari nakumbuka kwa uchungu vitu ambavyo bado ninavyo: harufu ya petroli asubuhi, muhogo mkavu mfukoni, Obadia akisema “bunge”. Ninatukumbuka hata sisi wa Agosti, tusiojua lolote.

25 Oktoba

Mvua ya kwanza, usiku kucha. Asubuhi moshi haupo. Milima ya Kongo imesimama ng'ambo, ya bluu, karibu mno, kana kwamba ilikuwa imejificha ikituchungulia msimu wote.

27 Oktoba

Leo tumemrudisha Minza kwake.

Manyanda alikuja kuwachukua tangu juzi, kwa miguu kupitia mlimani, na jana alfajiri akaondoka kwa njia ileile. Tulimsihi apande. Sista alimwahidi kidonge. Obadia alimwahidi usukani. Manyanda aliitazama boti kwa muda, kama mtu anayemtazama mbwa aliyekwisha kumng'ata.

“Nilikwenda mara moja,” alisema. “Ilitosha. Mimi nitatangulia.” Akamfunua mtoto uso, akamfunika, akaenda.

Kusi limekwisha. Ziwa lilikuwa na mawimbi marefu, malaini, yale ambayo Obadia anasema ndiyo ya hila kuliko yote. Nilijisikia vibaya kidogo. Minza pia, nilimwona akimeza mate, mtoto amelala kifuani pake, hajui lolote.

“Tazama mbali,” Sista alimwambia. “Kitu kisichotembea.”

Minza akaiacha Kongo yote iliyofunguka upande wa kushoto, akageukia mwambao wetu, akatafuta juu ya mlima uliooshwa na mvua. Alitafuta muda mrefu. Kisha akatulia.

Nilifuata macho yake. Juu kabisa, kwenye njia ya wabeba machela, palikuwa na doa jekundu. Lilikuwa linakwenda upande wetu uleule, polepole, na fimbo mkononi. Likasimama. Likainua fimbo.

Obadia akapunguza mashine bila kuambiwa, tukawa tunakwenda mwendo wa mtu wa miguu.

“Sista,” Minza alisema, “huyu anatembea.”

“Mtazame huyohuyo,” Sista Scolastica alijibu.